Utaifa unavyoisoma upya historia ya kale: maswali yanayojirudia Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa sekondari wanaotembelea makumbusho ya Boma la Arusha, kwa waongoza watalii wanaopita Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, na kwa wazee wa Old Moshi, ambao mara nyingi hawaulizi bali wanasahihisha. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Pale jibu moja linapogusa jingine, namba ya swali imewekwa.

## Mambo ya msingi

1. Ya kale yameshapita. Yanabadilikaje?

Yaliyotokea hayabadiliki, ila hakuna aliye hai aliyeyaona. Tulichobakiwa nacho ni ukuta uliobomoka, vigae vya vyungu, mkaa wa jiko la zamani, simulizi za ukoo na maandishi machache ya wasafiri. Vitu hivi havijielezi. Anayevisoma anakuja na swali lake, na swali hilo amelitoa kwenye zama zake.

Mwaka 1900 mtawala wa kikoloni aliuliza ni wageni gani waliojenga hapa. Mwaka 1965 mwananchi wa nchi iliyotoka kupata uhuru aliuliza babu zetu walikuwa na nini kabla hawajaingiliwa. Mtafiti wa leo, aliyekulia kwenye habari za ukame, anauliza maji yaliisha vipi. Ukuta ni uleule.

2. Utaifa unaingia wapi?

Mataifa mengi ni ya juzi, lakini hakuna taifa linalopenda kujitambulisha hivyo. Kwa hiyo hutafutiwa babu. Wajerumani, waliounganishwa kuwa dola moja mwaka 1871, walimchukua Arminius, aliyewachapa Warumi katika msitu wa Teutoburg mwaka 9 B.K., wakamwita Hermann, na mwaka 1875 wakamaliza kumjengea sanamu kubwa karibu na Detmold. Ufaransa ilikuwa imetangulia: mwaka 1865 Napoleon wa Tatu alimsimamishia sanamu Vercingetorix, aliyeshindwa na Julius Caesar huko Alesia mwaka 52 K.K. Kati ya wawili hao, hakuna aliyewahi kusikia habari za Ujerumani wala Ufaransa.

Si lazima uongo utungwe. Mara nyingi inatosha kuchagua: huyu anawekwa kwenye noti, yule anaachwa, vita hivi vinafundishwa, vile vinapitwa haraka.

3. Si ukoloni ndio uliotupotosha, na utaifa ukaturekebisha?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na ni vizuri lisemwe waziwazi kabla ya kuanza kuwakosoa wazalendo.

Nadharia iliyotawala wakati wa ukoloni ilidai kwamba kila kitu cha maana kilichoonekana Afrika kililetwa na Wahamiti, watu waliofikiriwa kuwa wa rangi nyeupe kiasi, waliotoka kaskazini. John Hanning Speke aliieneza mwaka 1863 alipoandika kuhusu falme za maziwa makuu. Mwaka 1930 Charles Seligman aliandika bila kupepesa macho kwamba staarabu za Afrika ni staarabu za Wahamiti. Ushahidi ulikuwa mwembamba. Faida ya kisiasa ilikuwa nene. Kama Mwafrika hakuwahi kujenga lolote, basi aliyekuja kumtawala alikuwa anaendeleza tu kazi ya wageni waliotangulia.

Mfano wenye hasara kubwa zaidi ni Great Zimbabwe, magofu makubwa ya mawe katika nchi ya Zimbabwe ya leo. Msafiri Mjerumani Karl Mauch alifika mwaka 1871 akadai ni kazi ya Malkia wa Sheba. Richard Hall, aliyepewa kazi ya kuitunza kuanzia mwaka 1902, alichimba na kutupa matabaka ya udongo wenye vitu vya Waafrika, kwa imani kwamba anaondoa uchafu uliofunika majengo ya kale. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alisema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba upya akathibitisha. Bado serikali ya walowezi ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), baada ya kujitangazia uhuru mwaka 1965, iliwabana waliotaka kusema hivyo hadharani, na Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale, aliondoka nchini mwaka 1970.

Hivyo wanautaifa walipokuja kusema "ni yetu", walikuwa na ushahidi upande wao. Tatizo lilianza pale walipoichukua nyundo ileile ya mkoloni (chanzo kimoja, watu wasiochanganyika, utukufu wa kurithiwa) na kuanza kupigia misumari yao.

## Engaruka

4. Engaruka ilijengwa na nani?

Wakulima Waafrika, kuanzia karibu karne ya 15. Waliondoka katika karne ya 18.

Wageni wengi huvunjika moyo wakifika kwenye magofu haya ya kaskazini mwa Tanzania kwa sababu walitarajia ngome. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye uwanda mkavu wenye vumbi, utakutana na mawe. Ukitulia, yanaanza kuonyesha mpango. Kuna safu mbili za mawe zinazokwenda sambamba zikiacha nafasi katikati: huo ni mfereji, nao umeelekezwa kwenye mteremko mdogo sana ili maji yaende bila kubeba udongo. Pembeni mashamba yamekatwa vijaruba, kila kimoja na mpaka wake wa mawe. Juu, ubavuni mwa mlima, kuna majukwaa ya nyumba yaliyosawazishwa na kushikiliwa na kuta, yamepangwa kama ngazi. Mbegu za mtama zimepatikana humo. Hakuna kasri wala kaburi la mfalme. Ni kazi ya watu waliojua kugawana maji, mahali ambapo mvua peke yake haitoshi.

Sasa tazama safari ya tafsiri. Mjerumani Gustav Fischer aliyaona magofu haya mwaka 1883. Mwaka 1933 George Huntingford aliandika kuhusu "ustaarabu wa Azania": mabaki ya mawe, matuta na mifereji ya Kenya na majirani zake aliyahesabu kuwa kazi ya watu wa kale wa Kihamiti, walioondoka kabla Waafrika wa leo hawajafika. Zama za uhuru zilipofika, Azania ilipokelewa kwa mikono miwili, ikavuliwa Uhamiti na kuvikwa utukufu wa Kiafrika, na Engaruka ikawekwa humo kama mji wake mkubwa. Aliyesifiwa alibadilika, dola yenyewe ya kufikirika ilibaki palepale.

Uchimbaji wa miaka ya 1960, wa Hamo Sassoon na wenzake, na kazi za baadaye za John Sutton, viliivunja Azania kwa pande zote mbili. Mabaki ya sehemu mbalimbali yalionekana kuwa ya vipindi tofauti na ya watu tofauti. Engaruka ikarudi kuwa Engaruka: vijiji vya wakulima kwenye chanzo cha maji.

5. Mbona kuna vitabu vinasema waliishi watu zaidi ya 30,000?

Makadirio hayo ni ya mtafiti Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, akahesabu maelfu ya majukwaa ya nyumba, akazidisha. Hesabu ya namna hiyo inachukulia kwamba nyumba zote zilikaliwa kwa wakati mmoja. Watafiti wa baadaye wanaona nyumba na mashamba yalihamahama kadiri maji yalivyobadilika, hivyo idadi ilikuwa ndogo zaidi.

Namba kubwa ilidumu kwa sababu ilipendeza. "Mji wa watu elfu thelathini" unaingia kwenye hotuba vizuri kuliko "wakulima waliohamisha mifereji kwa vizazi kadhaa", ingawa binafsi naona hili la pili ndilo la kujivunia zaidi.

6. Basi wazawa wake leo ni nani? Wasonjo? Wairaqw? Wamaasai?

Wamaasai ndio wakazi wa Engaruka sasa, na nao wenyewe husema waliikuta. Wasonjo, kaskazini zaidi, bado wanalima kwa mifereji, ndiyo maana wengi huwataja. Wairaqw hutajwa pia. Inawezekana kabisa kwamba watu wa Engaruka walitawanyika na kumezwa na jamii zaidi ya moja.

Anayetaka jina moja anapeleka makabila ya leo kwenye watu ambao huenda hawakujigawa hivyo. Na jihadhari na mazingira ya swali: pakiwa na mgogoro wa ardhi au mapato ya utalii, "nani alitangulia" huacha kuwa swali la akiolojia. Kwa jambo hilohilo likiwa na matokeo mabaya mno, soma swali la 12.

## Kilimanjaro na Oldupai

7. Je, Wachagga walikuwa taifa moja tangu zamani?

Hapana. Karne ya 19 mlima ulikuwa na mamlaka nyingi za mangi (mtawala wa Kichagga), kila moja na mipaka yake ya mabonde, nazo zilipigana, zikapatana, zikaibiana ng'ombe. Simulizi za koo zenyewe zinasema watu walifika kutoka pande tofauti: wengine Usambara, wengine Ukambani, wengine upande wa Wamaasai. Hata lugha ya Rombo na ya Machame si rahisi kusikilizana.

Umoja ulikuja na kahawa na siasa. Chama cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU, chama cha ushirika cha kahawa, mwaka 1933. Kuanzia mwaka 1952 akawepo Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, pamoja na bendera na siku ya Wachagga. Palipo na bendera historia ya pamoja huandikwa haraka, na Wachagga hawakuwa tofauti na Wajerumani wa swali la 2. Cheo hicho kilifutwa mwaka 1960 baada ya wananchi kupiga kura, na utaifa mkubwa zaidi, wa Tanganyika, ukaufunika ule wa mlimani.

8. Mangi Meli alipigania Tanzania?

Swali hili huzua ubishi Old Moshi kuliko jingine lolote, kwa hiyo twende taratibu.

Yaliyo wazi ni haya. Juni 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani na kumuua kiongozi wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Uchagani, Meru na Arusha. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na jitihada za kukitafuta zinaendelea.

Lakini mwaka 1900 hapakuwa na Tanzania ya kupigania. Rindi, baba yake Meli, alikuwa rafiki wa Wajerumani, na mwaka 1891 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoishambulia Kibosho ya Mangi Sina, wapiganaji wa Moshi walikuwa upande wa Wajerumani. Mangi Marealle wa Marangu (si Thomas wa swali la 7) naye aliwatumia wageni hao kumdhoofisha Meli. Kila mangi alikuwa na hesabu zake, na Mjerumani alikuwa karata mojawapo mezani, mpaka siku meza ikageuka.

Simulizi ya kitaifa inachukua mwaka 1892 na mwaka 1900 na kuuruka ule wa 1891. Kumrudishia Meli mwaka wake wa 1891 hakumpunguzii ushujaa. Kunamfanya mtawala wa Moshi, aliyepigania Moshi, jambo ambalo yeye mwenyewe pengine angeliona linatosha.

9. Binadamu wa kwanza alikuwa Mtanzania?

Mipaka ya Tanzania ina umri wa karne na ushee. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana na Mary Leakey Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75. Nyayo za Laetoli zina miaka milioni 3.6. Kuwapa viumbe hawa uraia ni mzaha, ila mzaha unaoleta watalii.

Kila nchi ina wake. Ethiopia ina Lucy, mifupa ya kiumbe wa jamii hiyohiyo, aliyepatikana mwaka 1974. Chad ina fuvu la karibu miaka milioni 7, lililotangazwa mwanzoni mwa karne hii. Afrika Kusini ina eneo zima la Urithi wa Dunia inaloliita chimbuko la binadamu. Morocco ina mabaki ya watu wa aina yetu ya miaka karibu 300,000. Visukuku hupatikana pale ambapo ardhi imepasuka na kumomonyoka, na pale ambapo watu walienda kuchimba. Bonde la Ufa linakidhi yote mawili. Hiyo ni jiolojia, si upendeleo.

Hata hivyo kurudishwa kwa fuvu la Zinj nchini mwaka 1965 hakukuwa mzaha. Nchi changa ilikuwa inadai kitu chake kutoka kwa watafiti wa nje, na ilikuwa na haki.

## Pwani, na Chuo Kikuu

10. Miji ya Waswahili ilijengwa na Washirazi au na Waafrika?

Hapa pande zote mbili zimeumbuka kidogo. Wakoloni waliamini hadithi za masultani wa Kilwa kama zilivyo: Waajemi kutoka Shiraz walifika kwa merikebu, wakajenga. Baada ya uhuru, na hasa baada ya uchimbaji wa Shanga kwenye kisiwa cha Pate miaka ya 1980, ilionekana miji ilikua polepole kutoka vijiji vya udongo vya wenyeji, na Washirazi wakageuka kuwa hadithi ya kujipatia hadhi.

Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na eneo jirani. Sehemu kubwa ya asili yao, hasa upande wa mama, ilikuwa ya Kiafrika. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na uchanganyikaji ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo wazee wa Kilwa hawakutunga kila kitu, na waliosema miji ni ya Kiafrika hawakukosea pia. Vinasaba vinasema nani alioa nani. Nani alichonga matumbawe na nani aliupa mji lugha yake, hilo bado linaulizwa kwa vigae na kwa Kiswahili chenyewe.

11. Wanahistoria wa Dar es Salaam wa miaka ya 1960 walikuwa wanasiasa tu?

Hapana, na kauli hiyo inawaonea. Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu na wenzao walikuta somo ambalo Afrika ilikuwa jukwaa la Wazungu. Kimambo alikwenda Upare kusikiliza simulizi za koo na kuzitumia kama ushahidi wa historia ya siasa, wakati wengine wakiziita ngano. Kazi hiyo bado inasimama.

Walichokosolewa, tangu mwaka 1970, ni kutafuta taifa kila walikoangalia. Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ikasomwa kama mazoezi ya TANU, chama kilichodai uhuru. Watafiti wa baadaye walipoingia wilaya kwa wilaya walikuta sababu tofauti: kilimo cha pamba cha kulazimishwa huku, marufuku ya uwindaji kule, ugomvi wa machifu kwingine. Na Wamarxi wa chuo hichohicho, Walter Rodney akiwa hapo, waliuliza mbona wafanyakazi na wakulima wamemezwa na neno "taifa". Kwa maneno mengine, ukosoaji mkali zaidi ulianzia nyumbani.

Kuhusu nchi zilizochukua majina ya dola za kale, swali linaloambatana na hili: Ghana ya mwaka 1957 iko mbali sana na Ghana ya kale, iliyokuwa Mauritania na Mali za leo. Dahomey ilijiita Benin mwaka 1975, ilhali mji wa ufalme wa Benin uko Nigeria. Zimbabwe, mwaka 1980, angalau ina kuta zenyewe ndani ya mipaka yake.

## Maswali magumu

12. Tafsiri ya historia ya kale inaweza kweli kuua?

Mtu wa Arusha hahitaji kwenda mbali kupata jibu. Kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, ndipo ilipokaa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa tarehe 31 Desemba 2015.

Nadharia ya Wahamiti (swali la 3) ilikuwa imewapa Watutsi wa Rwanda asili ya Ethiopia. Wabelgiji waliitumia kuwapendelea. Baada ya mwaka 1959 siasa ziligeuka, na nadharia ileile ikageuzwa: kama walitoka nje, basi ni wavamizi. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisema hadharani Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, mito ilibeba maiti.

Mmoja wa waliohukumiwa Arusha ni Ferdinand Nahimana, mhadhiri wa historia na mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo. Mwaka 2003 alipewa kifungo cha maisha. Rufaa ya mwaka 2007 ilikipunguza kuwa miaka 30. Hakuhukumiwa kwa sababu ya vitabu vyake, bali kwa sababu ya redio. Ila ni vigumu kumfikiria msikilizaji wa redio ile bila yale aliyofundishwa darasani kuhusu nani alitoka wapi.

13. Misri ya kale ilikuwa ya watu weusi?

Cheikh Anta Diop wa Senegal alilisimamia hilo maisha yake yote, na mwaka 1974 yeye na Théophile Obenga walilitetea mbele ya wataalamu katika mkutano wa UNESCO mjini Cairo. Walifanikiwa kuirudisha Misri kwenye ramani ya Afrika, kutoka ilikokuwa imebebwa na vitabu vya Ulaya. Kuhusu rangi, Wamisri wa kale hawakujigawa kwa "weusi" na "weupe" wa karne ya 20, na watu wa bonde la Nile walitofautiana kutoka delta hadi Nubia. Ukisikia mtu ana jibu la neno moja, ameshasahau swali la 1.

14. Mimi ni mwongoza watalii. Mgeni akisisitiza kwamba Engaruka "Waarabu walijenga", nimjibu nini?

Usimjibu kwa fahari, mjibu kwa kitu. Mwonyeshe mfereji, mwulize maji yalitoka upande gani. Mwambie karne, mwambie mtama. Kama ni mteja mbishi, Great Zimbabwe ya swali la 3 humnyamazisha, kwa sababu anakuwa amesikia alichotaka kusema kikisemwa na Mauch mwaka 1871.

15. Nimeokota kigae Engaruka. Naweza kukibeba nyumbani?

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba au kuondoa mabaki ya kale bila kibali. Kigae kikishatoka kwenye tabaka lake hakisemi tena kilikuwa na mkaa gani, wala na mbegu gani, na hapo ndipo umri hupatikana. Hall alifanya hivyo kwa matoroli. Wewe unafanya kwa mfuko wa suruali. Kiache palepale, kipige picha pamoja na kilichokizunguka, kisha waeleze viongozi wa kijiji au waongozaji wa eneo.